Vaisi ya Merle Swigart

Shemeji yangu Merle Swigart alitafuta vaisi kwa miaka kumi na mmoja. Nasema vaisi, lile jiliwa la chuma linalofungwa mezani ili libane kitu kisicheze fundi anapokipiga tupa. Mtu mwingine angeingia dukani, akachukua moja, akarudi nyumbani kahawa yake haijapoa. Merle hapana. Na aliyekuwa akimwendesha kilima kwa kilima kuitafuta ni mimi Vernon, kaka wa mkewe, mwenye mgongo mbovu na subira fupi.

Huku kwetu, kwenye milima ya Pennsylvania, bunduki ya kuwindia kulungu ikiharibika haipelekwi mjini. Inapelekwa kwa jirani anayejua kazi, na kwa miaka zaidi ya ishirini jirani huyo alikuwa Merle. Mchana alikuwa kwenye kiwanda cha karatasi, jioni alitengeneza bunduki za watu juu ya meza ya jikoni, katikati ya sahani za viazi na kabichi chachu. Alilipwa paja la kulungu, au pai ya maboga, au ahsante tu. Dada yangu Arlene alilalamika kwamba siagi inanuka mafuta ya bunduki, lakini alilalamika huku akicheka.

Kisha akafa Denny, mwana wao. Ilikuwa Jumatatu ya kwanza ya msimu wa kulungu, siku ambayo hata shule hufungwa, maana walimu wenyewe wako msituni. Denny alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Alipanda juu ya gogo lenye barafu, akateleza, bunduki ikajigonga chini na kulia yenyewe. Baba yake alikuwa hatua hamsini nyuma. Sitaeleza zaidi. Nilikuwa mmoja wa watu wanne tuliombeba, na hilo linanitosha.

Tangu hapo Merle hakugusa bunduki ya mtu. Ukimletea, jibu lilikuwa moja: "Sina meza ya maana. Sina vaisi. Kazi hii si ya jikoni. Nikipata vaisi inayoshika sawasawa, niletee." Tukasema ni msiba, utapita. Watu waliitikia kwa adabu wakaondoka na bunduki zao.

Aliyekataa kuondoka ni Lorna, binti yake, mtoto pekee aliyebaki. Bunduki yake, aliyoachiwa na babu yake, ilikuwa haitoi maganda ya risasi. Mafundi wengine walikuwepo. Hakuwataka. Alitaka baba yake aitengeneze, kisha Jumatatu ya kwanza watoke wawili, kama zamani.

"Mjomba," aliniambia siku moja, "kaka nimempoteza msituni. Baba nimempoteza nyumbani, na bado yupo."

Basi tukatafuta. Tulikwenda madukani, tukaenda kwenye minada ya mali za marehemu, tukaingia kwenye mabanda ya watu tusiowajua. Merle alikuwa na kipimo chake. Alichana kipande cha gazeti, akakibana upande mmoja wa meno ya vaisi, akakivuta, kisha upande wa pili. Kikitoka kizima hata upande mmoja, vaisi hiyo haifai.

"Hii inacheza," angesema.

"Inacheza wapi? Wewe ndiye unayecheza."

"Weka mkono hapa. Unasikia?"

"Nasikia njaa, shemeji."

Meza nazo hivyo hivyo. Hii fupi kuliko kiwiko chake, ingempinda mgongo. Ile mbao zake laini. Nyingine ilikuwa safi kabisa, akasema miguu imekaa vibaya, vaisi haitakaa juu ya mguu na itatikisika. Kila mara tulirudi mikono mitupu, na kila mara Arlene alikuwa mlangoni akiuliza, "Mmepata?" Merle akijibu kwamba hakuna inayoshika sawasawa, dada yangu aligeuka akaingia ndani. Nilidhani amechoka na upuuzi huo kama mimi.

Mwaka wa kumi na mmoja, mwezi wa Oktoba, subira yangu ikaisha. Karakana moja ya zamani ilikuwa inafungwa kwenye bonde la pili, nikaenda peke yangu na gazeti langu mfukoni. Nikaipata vaisi nzito kuliko mbwa wangu. Nilivuta karatasi kushoto, ikachanika. Kulia, ikachanika. Sikumwambia mtu ila Lorna. Jumapili, Merle alipokuwa kanisani, tuliiteremsha mimi na Lorna hadi chumba cha chini, tukajenga meza ya mbao ngumu kwa kimo cha kiwiko chake, tukaifunga ukutani, tukafunga vaisi juu kabisa ya mguu, na meno yake tukayavika ngozi ili yasikwaruze bunduki. Arlene alitutazama kutoka ngazini.

"Mmemwuliza?"

"Tukimwuliza, dada, atakufa bado anatafuta."

Hakutuletea hata kahawa, na dada yangu humletea kahawa hata mtu aliyekuja kumdai.

Merle alirudi, akashuka na suti yake ya kanisani. Akaisukuma meza kwa nyonga. Haikutikisika. Akaweka kiwiko, kikalingana. Akachana gazeti, akajaribu kushoto, kulia na katikati, na kila mara lilichanika. Mimi nikacheka kama mpumbavu niliye.

"Haya mzee, visingizio vimekwisha!"

Lorna akamkabidhi bunduki. Akaibana taratibu, akakagua, akaibana tena kidogo. Akashika bisibisi. Mkono ukasimama hewani.

"Siwezi," akasema.

"Nini tena? Taa ina kasoro? Ukuta?" Maneno hayo niliyasema mimi, na ningelipa ng'ombe wangu wote niyarudishe mdomoni.

Merle alimgeukia binti yake.

"Denny alitaka kifyatulio chepesi, cha kuguswa tu bunduki ikalia. Aliniomba wiki nzima. Jumapili ile, kabla ya chakula, nikakipiga tupa pale jikoni, nikapitiliza. Unywele tu, lakini nilijua. Nikasema msimu ukiisha nitakirekebisha. Haikulia yenyewe, Lorna. Mimi niliiliza."

Miaka kumi na mmoja nilikuwa nimekaa naye kwenye gari nikimtania. Lorna alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

"Ningekuwa na kitu cha kushika kama hiki," Merle akasema, akiipiga vaisi kwa kiganja, "tupa isingeteleza."

"Nani aliishika bunduki siku ile, Merle?"

Alikuwa Arlene, bado yuko ngazini. Sauti yake ilikuwa ndogo, nami sikumwelewa mara moja.

"Arlene, acha."

"Niliishika mimi. Ulisema njoo unishikie. Nikaizungushia kitako aproni yangu, nikaibana kwa mikono miwili, na unga bado mikononi. Ukaniambia, usitikisike." Akaangalia mikono yake. "Kila ulipotoka na Vernon kutafuta vaisi inayoshika sawasawa, nilijua ni nani hakushika sawasawa. Ulikuwa unaniambia mimi. Miaka yote hii ulikuwa unaniambia mimi."

Sijapata kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Merle alitaka kwenda kwake, akajikwaa kwenye mguu wa meza tuliyomjengea.

"Hukutikisika," akasema. "Hukutikisika hata kidogo. Tupa ilikuwa mkononi mwangu, Arlene. Sikuwahi kukuwaza wewe."

"Ungeniambia hilo siku ya mazishi," dada yangu akasema. Akakaa kwenye ngazi akalia, kilio ambacho siku ya mazishi hakuna aliyekisikia kwake, na Merle akasimama mbele yake asijue aweke wapi mikono.

Jumatatu ya kwanza ilipofika, hakuna aliyetoka nyumba ile. Bunduki ya Lorna ilibaki imebanwa pale pale msimu mzima, na yeye hakuiulizia tena.