Mawese Hayaendi Kwenye Difu

Miaka ile ya wakimbizi mume wangu alikuwa na pikapu kuukuu, akibeba unga na maharage kutoka Ujiji kwenda kambini. Masika yakikolea, mto Luiche unaacha njia yake unalala barabarani. Siku moja alivuka maji yakiwa yamefika kwenye mlango wa gari, akarudi jioni anajisifu kwa majirani. Mimi sikumsifu.

Asubuhi akakuta gurudumu la nyuma limelowa mafuta upande wa ndani. Akaingia uvunguni, akafungua nati ya difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma, ikatoka oili nyeupe kama chai ya maziwa. Mimi shule niliishia la pili, akanieleza nikaelewa. Ekseli inapata moto njiani. Ukiitumbukiza kwenye maji baridi inavuta pumzi kama mtu aliyemwagiwa maji ghafla, na maji inayavuta humo humo, yapite kwenye sili, ule mpira unaozuia oili isitoke. Sili ikichoka, oili inashukia kwenye breki. Na njia ya kambini ina mteremko mrefu unaoishia mtoni.

Uani kwetu tulikuwa tumemhifadhi binti wa Kirundi aliyeshukia Kibirizi kwa mashua. Jioni ile ile mume wangu alikuwa amemletea habari kwamba mama yake yuko kambini, mgonjwa sana, anamuulizia. Walipanga kuondoka asubuhi hiyo.

Oili ya difu haikupatikana Ujiji nzima. Majirani wakaanza maneno. Sisi wa huku mawese tunapikia, tunampaka mtoto mwenye kikohozi, tunatia hata kwenye bawaba za mlango. Mmoja akasema difu nalo ni tumbo tu, lipewe mawese liende. Mwenzake akamwambia basi asilisahaulie dagaa. Wakacheka. Mume wangu hakucheka, nikajua anafikiria kukubali.

Yule binti akaingia ndani, akatoka na kidumu cha mawese. Ukiacha nguo za mwilini, ndicho pekee alichovuka nacho ziwa. Akakiweka kando ya gurudumu.

Nikakiondoa. Nikawaambia mawese nimeyapika tangu sijaota matiti, nayajua. Kukiwa na baridi yanaganda, yakipata moto yanakuwa mepesi kama maji. Sili iliyoshindwa na oili nzito itayazuia vipi?

Binti akanitazama usoni. "Mama yangu akifa leo, utamwambia nini?"

"Nitamwambia mwanao yu hai."

Mume wangu akachukua baiskeli akaenda Kigoma. Alirudi na sili, oili hakuipata. Kesho yake fundi mmoja wa Kibirizi akamgawia. Wakasafisha difu kwa dizeli mpaka ikatoka bila weupe, wakafunga sili mpya, wakaosha na breki. Muda wote huo binti alikaa kanipa mgongo. Nilimpelekea ugali, akaufunika. Asubuhi nilimwambia "mwakeye", salamu ya kwao na ya kwetu, hakuitikia.

Waliondoka alfajiri iliyofuata. Breki zilishika mteremko wote. Walipofika, mama yake alikuwa amezikwa jioni iliyotangulia.

Mume wangu alinieleza hayo amesimama mlangoni, hajakaa. Akasema huenda na mawese wangefika. Nikamwambia ndiyo, huenda. Huenda pia tungekuwa tunawaokota mtoni. Hilo halijui yeye, silijui mimi.

Wengine walinisengenya kwamba nina roho ngumu. Ninayo. Lakini sikulala vizuri wiki nyingi, na sikutubu, kwa sababu leo ukiniletea gari lile na mteremko ule nitakataa vile vile. Watu wanadhani mtu akifanya sawasawa moyo unatulia. Wangu haukutulia.

Yule binti nilimwona tena mara moja, sokoni, kajifunga mtoto mgongoni. Nikamsalimu. Alisimama, akamgeuza mtoto nimwone uso, akanitajia jina lake. Lilikuwa jina la marehemu mama yake. Kisha akaenda zake.