Nyenze wa Jade

Hadi leo, nikisikia mtoto akigongesha pipi kwenye meno, ka, ka, ka, ulimi wangu hupata ubaridi. Narudi Doornfontein, ghorofa ya tatu, kwa Bibi Lin, jirani yetu Mchina.

Bibi Lin alikuwa mgonjwa wa kitandani. Mama, mtu wa Tanga aliyeolewa huku Johannesburg, alimpelekea uji kila asubuhi, nami nilimfuata kwa ajili ya wanyama. Walikaa kwenye sahani karibu na mto wake: samaki, nguruwe aliyelala, chui na nyenze, wote wa jade ya kale, lile jiwe gumu la kijani, urithi wa bibi yake. Nyenze, yule mdudu wa kelele mitini, alikuwa mdogo, bapa, laini kama kipande cha sabuni kilichokwisha. Msinicheke: niliona wazi kuwa ni pipi. Nikamtia mdomoni.

Mzee Lin, mumewe, akapiga ukelele. “Eish, tema! Tema, mwanangu!” mama akasema, akanibana mashavu. Mzee alikuwa akilia. Bibi Lin alikuwa akicheka, hadi akakohoa. Niliwatazama wote, nisijue nimefanya jema au baya. Kisha Bibi akanifumbatisha nyenze kiganjani, akamwambia mumewe kwa Kiingereza, ili nasi tuelewe, “Awe wake. Mimi simtaki tena.”

Nyumbani mama alinisukutua kwa maji ya chumvi kana kwamba nimekula panya. Wiki haikuisha, Bibi Lin akafariki. Mama akanikokota tumrudishe nyenze; cha mtu mavi, alisema. Mzee Lin akanyoosha mkono, akaurudisha. “Alikataa,” akasema, akafunga mlango taratibu. Nilibaki mlangoni na mdudu wangu.

Ukubwani nilimwona nyenze kama huyo ndani ya kioo cha makumbusho. Kumbe Wachina wa kale walimweka juu ya ulimi wa maiti, kwa kuwa mdudu huyo hukaa ardhini miaka, kisha hutoka akiwa na mbawa, nao walitumaini maiti naye atarudi hivyo. Nikajishika mdomo. Nilipomsimulia mama, alisema, “Kwetu mtu huondoka na sanda tu.”

Hapo nikamwelewa Bibi Lin. Kila siku alilala akimtazama mdudu anayekingoja kinywa chake, mara akaona mtoto anamnyonya kama pipi. Mzee Lin nilichelewa kumwelewa, hadi nilipomzika mume wangu. Maskini mzee, alitaka tu mkewe arudi.