Tulivyompigia Lipu Mtu Asiyetuomba

Ndugu zangu, heri niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa Mama Claudine, maana yeye akifika sehemu ya ushuhuda hucheka mpaka anakaa chini, na mtaondoka mkidhani mimi ni wa ajabu kuliko nilivyo.

Hapa Kigali tuna kikundi cha waumini tunaosali kwa Kiswahili, Watanzania, Wakenya, na Wanyarwanda waliokulia nje, na tulikubaliana kwenda Kinyinya kumpigia lipu nyumba bibi mmoja mjane ambaye mvua ilikuwa inamlia kuta. Mimi nilishafika kwake (mara moja tu, na kulikuwa na ukungu), kwa hiyo nikapewa kuongoza njia. Mama Claudine, aliyekulia Bukoba na Kinyarwanda anakijua vizuri, akaniambia tumpigie bibi simu atuelekeze. Nikakataa. Nimeishi mji huu miaka, nitaonekanaje bado naulizia njia? Basi mengine yote yalitoka hapo.

Kinyinya wanajenga kila siku, ukirudi baada ya mwezi hupatambui, lakini nilipoona nyumba ya matofali mabichi na mparachichi mlangoni nikasema ndipo. Mlango umefungwa, nikawaambia bibi atakuwa sokoni. Tukaomba, tukakoroga simenti, tukaanza. Na jamani, tulifanya kazi: mhasibu anayeshinda ofisini Kanombe kabeba mchanga kichwani, mwalimu kashika mwiko, waimbaji wanaimba sauti zote nne huku wanapokezana ndoo, majirani wanapita wanatusalimia wakidhani mwenye nyumba katuita. Mchana ukuta wa mbele uling'aa kama sahani.

Hapo akaja mwanamume na pikipiki, akavua kofia yake, akasema Kinyarwanda kirefu, polepole, akionyesha ukuta. Mimi nilishika neno moja, inzu, yaani nyumba, nikajua huyu ni mtoto wa bibi anatushukuru. Nikapanda juu ya ndoo iliyopinduliwa (sijui nani alinituma) nikatoa ushuhuda kwamba si sisi, ni Mungu mwenyewe aliyetuonyesha nyumba hii, na watu wangu wakaitika amina.

Mama Claudine akanivuta shati. "Shuka kwanza. Anauliza nani ametutuma kwenye nyumba yake."

Yule bwana, jina lake Innocent, akaongeza kwa Kiswahili chake, bila hasira: "Hii ukuta iko ya kubomoa. Mimi nataka kuongeza chumba."

Nilibaki juu ya ile ndoo nisijue kama kushuka ni adabu au ni kukimbia. Simenti ilikuwa imekwisha yote. Na bibi wetu, Innocent akatueleza Mama Claudine alipomtaja, yuko bondeni, nyumba ya tatu, tangu asubuhi ameinjika maharage anasubiri wageni.

Nilingoja nisemwe. Hakuna aliyenisema. Mzee Bernard, mzee wetu wa kanisa, aliokota beleshi akasema, "Mikono bado tunayo," akaanza kushuka, na wote wakamfuata na ndoo zao. Innocent akatutazama, akafungua stoo, akajitwika mfuko wa simenti aliyoiweka kwa ajili ya chumba chake, akashuka nasi.

Bibi alitupokea kwa kutukumbatia mmoja mmoja, na matope yetu. Mama Claudine akatutafsiria kwamba alisikia nyimbo tangu asubuhi huko juu, akamshukuru Mungu kwa ajili ya jirani aliyetembelewa, hakujua kwamba nyimbo zile ni zake. Niligeukia ukuta haraka nikajifanya napima kona.

Tulimaliza kabla ya giza. Jumamosi iliyofuata tukapanda kwa Innocent, tukaubomoa wenyewe ule ukuta wetu mzuri, tukamjengea chumba, naye sasa anasali nasi, sauti ya besi.

Mimi kuongoza njia nimeacha kabisa. Wakiondoka nakaa nyuma yao, nabeba mchanga, na nikiwatazama migongo yao inavyopanda kilima kifua kinanijaa: hawa ni watu wangu.