Gari la Deraya la Nyamuswa

Mkoloni alipoondoka alituachia gari la deraya la polisi wake, bovu, limezama kwenye majani pale Nyamuswa. Miaka ya Ujamaa akaja ofisa kutoka Musoma, akatuambia lile gari ni historia, tulitunze kama nyumba zetu.

Basi tukalitunza. Sisi wanawake tulilikandika kwa udongo na mavi ya ng'ombe, wanaume wakaliezeka kwa nyasi. Mvua zikanyesha, ndani halikuingia hata tone.

Ofisa akarudi. Akaegemea ukuta, akafuta jasho, akauliza, "Gari liko wapi?"

"Umeliegemea, ndugu," nikamjibu.

Ndugu yetu huyo akatuita washenzi. Eti tumeharibu historia! Akaamuru udongo wote ubanduliwe, gari likakokotwa kwa trekta hadi Musoma, likasimamishwa mbele ya ofisi yake.

Nililiona tena baada ya masika kadhaa. Gari lililoundwa kuzuia risasi lilikuwa limetobolewa na mvua. Kando yake palikuwa na kibao kinachong'aa, kimeandikwa LIMEHIFADHIWA. Hicho kibao ndicho walichokijengea kijipaa cha bati.