Kabichi za Sufiani

Mwaka huo mvua za masika ziligoma kuondoka Dindira. Mwezi wa sita uliingia ukungu ukiwa bado umelala juu ya chai, na shambani kwa Mwalimu Munira makoa, wale konokono wasio na gamba, walikuwa wametoboa kabichi zikawa kama chekeche.

Kwa miaka mingi lori la Enock, mnunuzi wa mboga, lilipopanda kutoka Korogwe lilisimama kwanza shambani hapo. Sokoni watu hawakusema kabichi za Dindira, walisema kabichi za Sufiani. Sufiani alikuwa mumewe. Mwaka juzi walipomzika, Munira aliacha ualimu, akashika jembe, akaapa kwamba jina hilo halitafia mikononi mwake.

Sasa lori lilimpita. Lilisimama ng'ambo ya mfereji, kwa Yasinta, mjukuu wa vibarua wa mkonge aliyehamia pale miaka sita nyuma, na kabichi zake nazo sokoni ziliitwa za Sufiani. Munira alitazama wapakiaji wakirushiana kabichi nzima, zilizofunga vizuri.

"Shikamoo, Mwalimu," Enock aliita kutoka juu ya lori. "Zako nitaziangalia wiki ijayo."

"Marahaba. We angalia hizo zilizokupendeza."

Alishaamua moyoni: mwanamke yule anaokota makoa wa shambani mwake na kumtupia yeye. Kesho yake alfajiri alivaa mabuti ya marehemu, akaenda mferejini kumfumania.

Alimkuta Yasinta ameinama, anafunua magunia yaliyoloweshwa maji. Chini ya kila gunia makoa walikuwa wamejazana, naye anawaokota kwa kijiti na kuwatia ndooni.

"Shikamoo, Mwalimu. Umeamkaje?"

"Marahaba. Nimekuja kuona hao unawatupa wapi."

Yasinta alimtazama, kisha akacheka. "Ulidhani nakutupia wewe? Mimi hawa nawapa bata, Mwalimu. Siwezi kugawa chakula cha bata wangu."

Munira hakucheka. Aliona udongo kati ya matuta ya Yasinta uko wazi. Kwake yeye majani makavu yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu.

"Matandazo yako umeyapeleka wapi?"

"Niliyatoa ukungu ulipofikisha siku ya tatu. Koa anataka baridi na unyevu. Jua likichungulia kidogo anaingia chini ya majani, likizama anatoka kula. Mwaka jana kwenye ukame ulitandaza, ukapatia, maana udongo haukukauka na koa hawakuwepo. Mwaka huu umewatandikia kitanda."

Ilikuwa kweli. Kwa sababu matandazo yalimwokoa mwaka jana, mwaka huu alikuwa ametandaza mara mbili yake.

"Nani kakufundisha?"

Yasinta alisita. "Mzee. Saa nne akipumzika alikuwa anakaa hapa kwenye mfereji, ananieleza. Wewe ulikuwa shuleni."

Miaka yote ile ya chakula cha jioni walizungumza mitihani, utoro na walimu wapya. Hakuwahi kumuuliza mumewe koa anatoka lini. Na huyu aliyekuja jana tu alikuwa na saa nne zote za Sufiani.

"Hilo jina unalouzia kabichi ni la nyumba yangu," alisema.

"Najua, Mwalimu. Ndiyo maana sipeleki sokoni kabichi yenye tundu."

Munira aligeuka, akaondoka bila kuaga. Siku nzima alikokota majani kwa reki mpaka kando ya barabara, na jioni akalowesha magunia manne. Asubuhi aliyafunua mwenyewe, akajaza ndoo, akavuka mfereji.

"Hawa ni wa bata wako," alisema, akaitua. Kisha, bila kumtazama: "Na kiangazi kikiingia, Mzee alikwambia nini?"

Yasinta alikaa kwenye jiwe refu kando ya mfereji, akamwonyesha nafasi. Munira alibaki amesimama.

"Yeye alikuwa anakaa upande gani?"

"Huo wa kwako."

Ndipo akaketi.