Siku ya Maziwa, Siku ya Maharage

Sisimizi ndio waliotangulia kuujua ugonjwa wa baba. Nyuma ya nyumba, pale migombani alipozoea kwenda haja ndogo, walikuwa wanajipanga mistari kwa mistari. Mama aliwaona siku tatu mfululizo. Siku ya nne akaniita, akanionyesha kwa kidole, akasema, "Baba yako ana sukali." Hivyo ndivyo alivyolitamka neno hilo maisha yake yote, na mimi sikuwahi kumsahihisha, ingawa shuleni nilikuwa hodari wa kusahihisha wenzangu.

Nayakumbuka haya kwa sababu juzijuzi, kliniki, binti mmoja mshauri wa lishe aliniuliza kwa upole kama nimewahi kusikia habari za mtindi usiotiwa sukari. Mimi nami ninaumwa sukari, nimeirithi. Akaniambia nipunguze wanga, ninywe mtindi mtupu, nile maharage kiasi na mboga za majani kwa wingi. Akaniandikia yote kwenye karatasi kwa herufi kubwa kubwa kana kwamba sikupita darasani. Nilimshukuru, maana hakuwa na kosa. Lakini moyoni nilitaka kumwambia kwamba mama yangu, asiyejua kusoma, aliimaliza karatasi hiyo wakati wa vita vya Kagera, tena kwa masharti magumu kuliko ya kwake.

Tulikuwa tunaishi upande wa Murusagamba, katika kijiji cha ujamaa tulichohamishiwa miaka michache kabla ya vita. Katika kuhama huko baba alipoteza karibu mifugo yake yote. Akabaki na ng'ombe mmoja jike, wa kahawia, wa uzao wa ng'ombe alioachiwa na babu. Alimkamua mwenyewe kila asubuhi, maana kwetu mwanamke hakamui. Mama kazi yake ilikuwa vibuyu: kuviosha, kuvifukiza moshi, kuyatunza maziwa yagande vizuri.

Siku moja kwenye shamba la kijiji jembe lilimkwaruza baba mguu wa kulia, karibu na kidole gumba. Kidonda kidogo tu, cha kupuuzwa. Mwezi ukaisha, hakikufunga. Wa pili ukaisha, kikaanza kunuka. Mama alijumlisha kidonda na wale sisimizi, akamwambia baba wanakwenda hospitali, apende asipende. Nami nikachukuliwa, kwa kuwa nilikijua Kiswahili cha shule kuliko wao, na daktari alikuwa mtu wa mbali asiyekijua Kihangaza, lugha yetu.

Daktari alitia mkojo wa baba katika dawa ya bluu, akauchemsha mbele yetu. Bluu ile iligeuka ikawa nyekundu ya tofali. Akasema sukari imezidi mno, na ikiendelea hivyo kidonda kitapanda na mguu utakatwa. Vidonge alivyokuwa navyo vilikuwa vya siku chache. Vita vilikuwa vimeanza, magari yalikuwa yanaelekea kaskazini, na hakujua lini vingine vitakuja. Kwa hiyo dawa iliyobaki ni chakula. Aache muhogo, ugali, ndizi, viazi na pombe ya ndizi.

Baba aliniambia nimuulize daktari kama nyasi anaruhusiwa.

Daktari hakucheka. Alisema kila siku anywe mtindi usio na sukari na ale maharage kikombe kimoja, pamoja na mboga za majani. Nilitafsiri neno kwa neno. Baba alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemtukana. Mama akajibu haraka, kwa Kiswahili chake kichache, "Ndiyo, daktari. Asante, daktari." Akamshika baba mkono wakatoka.

Inabidi nieleze, maana leo hata wajukuu zangu hawaelewi. Katika ukoo wetu maziwa na maharage hayakutani tumboni siku moja. Ukiyala yote mawili, hudhuriki wewe. Anayedhurika ni ng'ombe. Kiwele kinavimba, maziwa yanatoka na damu, na mwisho anakauka. Baba aliliamini hilo kama alivyoamini sala ya Baba Yetu. Nje ya hospitali alisema waziwazi, "Basi mguu ukatwe. Ng'ombe wa baba yangu siwezi kumuua."

Mama hakubishana naye. Hakumwambia ni ushirikina, kwa sababu hata yeye aliamini, na kama mnataka kujua, mimi mpaka leo sijathubutu kujaribu.  Tulipofika nyumbani alichukua kipande cha mkaa, akachora ukutani alama mbili, kibuyu na chungu. Akasema, "Daktari hajui ng'ombe. Mimi najua ng'ombe. Leo maziwa, kesho maharage. Keshokutwa maziwa." Siku ya maziwa baba angekunywa mtindi asubuhi, mchana na jioni, pamoja na majani ya maboga. Siku ya maharage asingeuona mtindi hata kwa macho. Kila asubuhi mama aliongeza kijimstari chini ya alama ya siku hiyo, kusudi asije akakosea.

Mtindi wenyewe aliutengeneza kwa akili yake. Alisema maziwa mabichi yana utamu, na utamu ndio unaoita sisimizi. Kwa hiyo aliyaacha kibuyuni siku nyingi kuliko kawaida, akawa anayaonja kwa ncha ya kidole. Alipokunja uso mpaka macho yakafumba, hapo ndipo aliposema yako tayari. Baba alilalamika kwamba anakunywa siki. Sisi watoto maziwa tulikoma kuyaonja, hata yale yaliyochacha, na sikumbuki yeyote kati yetu aliyenung'unika, isipokuwa mimi.

Tatizo likaja mahali ambapo mama hakupategemea. Shamba la kijiji lililimwa siku tatu kwa wiki, na wakati wa vita liliongezwa, maana sehemu ya maharage yake ilikuwa inapelekwa kwa askari. Mchana tulikula pamoja, chungu kimoja kikubwa cha maharage na muhogo. Kukaa pembeni ya chungu kile lilikuwa jambo baya. Na baba hakukaa pembeni kila siku, afadhali ingekuwa hivyo. Siku ya maharage alikuja, akachagua maharage, akaacha muhogo. Siku ya maziwa hakugusa kitu, akajitenga na kibuyu chake. Watu wakaanza kunong'ona. Huyu anajuaje siku ya kula na siku ya kutokula? Kuna nini anachokijua ndani ya chungu? Ikafika mahali wanawake waliokuwa zamu ya kupika wakawa wanaonja chakula mbele za watu ili wasishukiwe.

Baba angeweza kuyamaliza kwa neno moja, lakini hakutaka ugonjwa wake ujulikane. Alikuwa anaongoza mstari wa majembe, na kidonda alikifunga kwa kitambaa akavaa buti juu yake. Aliogopa kuondolewa mstarini kuliko alivyoogopa kisu cha daktari.

Mwenyekiti wa kijiji akamwita mbele ya mkutano. Alikuwa mtu mwema, mwenye ng'ombe wanne, na swali lake lilikuwa la haki. "Mzee mwenzangu, Jumatatu umekula nasi. Alhamisi umekataa. Tuambie, chungu cha Alhamisi kilikuwa na nini?"

Baba akainama. Mama, aliyekuwa ameketi na wanawake upande wa nyuma, akasimama. Wanawake kusema mkutanoni halikuwa jambo la kila siku. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Shikamooni wazee," alisema.

"Marahaba."

"Mume wangu anaumwa sukali. Daktari amesema akila muhogo, mguu unakatwa. Chungu chenu ni kizuri. Jumatatu ilikuwa siku yake ya maharage. Alhamisi ilikuwa siku yake ya maziwa. Sasa mnataka achanganye?"

Hakuhitaji kusema zaidi. Mkutano mzima ulivuta pumzi. Wazee walitikisa vichwa, mmoja akasema "hapana, hapana" kwa sauti, kana kwamba anamwona ng'ombe akikauka mbele yake. Ugonjwa wa sukari hawakuuelewa, ila siku ya maziwa waliielewa wote pale pale. Mwenyekiti akakohoa, akasema chungu kidogo cha maharage yasiyo na muhogo kitapikwa pembeni, na siku ya maziwa mzee ataketi kwenye duara pamoja na kibuyu chake.

Baba hakuzungumza na mama kwa siku mbili. Siku ya tatu aliketi kwenye duara, akaivua ile buti mbele ya wote, akanyoosha mguu upate hewa. Akanywa mtindi wake. Nilimwangalia mama akijifanya anapanga kuni, na niliona namna alivyokuwa amejaa furaha asijue aiweke wapi. Mimi aibu yangu yote ya mkutanoni ilinitoka, nikabaki natamani watu wote wajue kwamba yule ni mama yangu.

Kidonda kilikuwa kimeanza kufunga wakati ng'ombe alipokaribia kuzaa, maziwa yakakatika. Nilidhani mambo yameishia hapo. Asubuhi iliyofuata kibuyu cha mwenyekiti kilikuwa mlangoni kwetu, na keshokutwa yake kikaja cha jirani mwingine, wakipishana bila kukosea siku. Mama aliyaacha maziwa yao yachachuke mpaka yakafikia ukali wake. Kibuyu cha watu hakukirudisha kitupu. Alitia ndani majani mabichi ya malisho, kumtakia ng'ombe wao heri, akanituma nikipeleke kwa mikono miwili.

Vita vilipokwisha tulirudi kwa daktari. Baba alikwenda bila fimbo. Mkojo ukachemshwa, na ile bluu ikageuka kijani kidogo tu, ikaishia hapo. Daktari akaniuliza kama baba alifuata masharti, mtindi na maharage kila siku. Nilifungua mdomo nieleze. Mama akanikanyaga mguu. "Ndiyo, daktari," akasema. "Kila siku."

Sukari haiponi, na ya baba haikupona. Aliishi nayo miaka mingi, kwa mkaa ule ule ukutani, na nyumba ilipojengwa upya mama alichora alama upya kabla hata milango haijatiwa. Alikufa mzee kabisa, kwa mapafu, mwezi wa mvua. Wanaume walimwosha ndani, sisi tukiwa nje na waombolezaji. Mama hakulia wakati huo. Alipotoka aliyeongoza kuosha, mama alimwita karibu, akamuuliza swali moja.

"Miguu?"

Yule mzee hakushangaa. Alikuwa miongoni mwa walioketi kwenye duara. "Yote miwili," alisema. "Na vidole vyake kumi. Nimevihesabu."

"Ego," mama akasema kwa Kihangaza, yaani ndiyo. Hapo ndipo alipoanza kulia.