Marziya, mlezi anayeitikia shairi asilolielewa

Saa moja asubuhi, theluji imeganda kwenye vioo vya ghorofa moja mtaa wa Don Mills, huko ughaibuni. Marziya Mohamedraza anapoza uji, anadondosha tone kiganjani kupima joto, kisha anausogeza mdomoni mwa Bibi Nanuli.

"Haya, bibi yangu. Anza basi."

Bibi Nanuli anamtazama tu.

Hadi majuzi, asubuhi zao hazikuwa hivi. Nanuli, aliyekuwa mwalimu wa ushairi kwao Georgia, alikuwa akitamka mstari wa kwanza wa shairi, ananyamaza, anangoja mwenzake atamke wa pili. Ndivyo walivyozoea kwao mezani. Marziya, mzaliwa wa Tanga anayelea wagonjwa majumbani, akaushika mstari wa pili kwa sikio tu, bila kujua maana yake.

Walianza vibaya. "Mimi nimekulia kwenye majlisi za maombolezo," anasimulia. "Kwetu marsia, yale mashairi ya msiba, ikisomwa unalia, unajipiga kifua. Siku ya kwanza nikasikia ile sauti yake ya huzuni, nami huyoo, nikaanza kujipiga!"

Nanuli alikasirika. "Kafa nani?" aliuliza, enzi hizo Kiingereza anacho. "Hata sijafika nusu, ushaniangulia kilio!"

Ndipo akamweleza. Miaka mia na ushee iliyopita, vijana washairi wa Georgia walizama katika ushairi wa Wafaransa, wengine wakafika Paris kwenyewe. Wakaupenda mtindo wa mistari kumi na minne uliozaliwa Italia, wakatia humo majonzi ya kwao. Humo kilio hakipigiwi kelele. Unakibana mpaka mstari wa mwisho.

"Nikamwambia, kumbe mmeazima koti la watu," Marziya anakumbuka. "Akanijibu, 'Koti la kuazima, msichana wangu, lakini baridi ni yetu.'"

Februari, kiharusi kikamnyang'anya Nanuli Kiingereza. Kikabaki Kijojia na mashairi. Wiki iliyopita navyo vikakatika, na muuguzi akawaambia waliomzunguka wajiandae kwa msiba.

Kinachomnyima Marziya usingizi ni Zurab, mwana pekee wa Nanuli, dereva wa lori anayeishi Mississauga. Lugha anaielewa, ila mashairi hayajui. Tangu utotoni, mama akianza, yeye alijibu kwa Kiingereza kwamba baadaye.

"Nikimwona namwona binti yangu Kanizfatema," Marziya anasema, akikunja taulo ambalo tayari limekunjwa. "Namwita kwa Kiswahili, ananijibu Kiingereza, tena hajainua macho. Sasa huyu mama aondoke hajaitikiwa na mwanawe hata mara moja?"

Jumapili Zurab alikuja, akakaa jikoni, akaomba afundishwe mstari wa kwanza na wa pili. Marziya akatamka alivyozoea. Zurab akacheka mpaka akashika meza.

"Marziya, ukimsemea hivyo mama atainuka akuchape."

"Basi nitamsemea hivyo hivyo. Na ainuke!"

Kicheko kikakatika. Zurab akafuta uso kwa mkono wa sweta, akarudia mistari ile kwa matamshi ya kwao, polepole, mara ya pili, ya tatu.

Mpango wao sasa ni huu: kila jioni Zurab akitoka kazini atapitia hapa wamsomee mama shairi, na Marziya hatakimbilia basi la kwenda kwake Rexdale kabla yeye hajafika.

"Muuguzi anasema masikio ndiyo hutangulia kuja na huchelewa kuondoka," Marziya anasema. "Kama yeye hawezi kuanza, tutaanza sisi. Ila nimemwambia Zurab, akimaliza mstari wa kwanza asiharakishe. Amwachie mama nafasi kidogo ya kuitikia. Huenda akaichukua."